UCHACHU WA ZABIBU NI MALI YA WENYEWE



Wako watu wasemao ya kwamba shamba lenye baridi na mvua nyingi ni shamba la bahati mbaya. Mimi sikubali. Wewe uliyepewa shamba katika nyanda za juu zenye baridi, tazama habari za wakulima wa Minho, kaskazini-magharibi ya nchi ya Ureno. Wao hulima mizabibu, na divai yao yaitwa Vinho Verde, yaani divai ya kijani. Jina hilo si la rangi. Wengi hueleza kuwa maana yake ni divai inywewayo ingali changa.

Upepo wa Bahari ya Atlantiki huingia katika mabonde yao na kuleta ubaridi. Mvua ni nyingi, na mahali pengi hupita milimita 1,200 kwa mwaka. Zabibu huiva polepole. Sukari ya zabibu ndiyo igeukayo kuwa kileo, na zabibu za baridi zina sukari kidogo na uchachu mwingi. Kwa hiyo divai nyingi za huko zina kileo cha asilimia 8 hadi 11.5 tu, na za nchi za joto hufika 13 au 14.

Je, waliona haya? Hapana. Uchachu ule waliufanya kuwa sifa: divai nyepesi, ya kuburudisha wakati wa joto. Tena kila bonde lina zabibu yake. Bonde la mto Lima lasifiwa kwa Loureiro, yenye harufu ya maua. Monção na Melgaço, mpakani mwa Hispania, milima huzuia upepo wa bahari na jua ni zaidi; huko hustawi Alvarinho, itoayo divai yenye nguvu na bei nzuri.

Mashamba yao mengi ni madogo. Zamani mizabibu ilipandishwa juu ya miti kandokando ya shamba, na katikati wakapanda mahindi, maharagwe na kabichi. Hivyo chakula hakikukosa nafasi, na zabibu zilipata hewa mbali na unyevu uletao ugonjwa wa ukungu. Lakini kuchuma kulitaka ngazi ndefu, na vivuli vilichelewesha kuiva. Basi wengi wameishusha mizabibu kwenye safu za nyaya, ili jua liifikie. Walifanya vema. Desturi ya wazee ni ya kuheshimiwa, lakini ikizuia mazao, ibadilishwe.

Sasa jambo lililo kubwa. Mwaka 1908 serikali yao iliweka mipaka ya nchi ya divai hiyo, ili asiye wa huko asitumie jina. Mwaka 1958 wakulima wa Monção walianzisha chama chao cha ushirika cha kutengeneza divai. Mwaka 1959 ikaanza lakiri ya kuthibitisha kuwa divai iliyomo chupani ni ya kweli. Mwenye safu chache za mizabibu hawezi peke yake kujulikana katika masoko ya ng'ambo. Jina la wote ndilo limpelekalo huko. Kwa hiyo auzaye divai mbaya kwa jina lile amharibia jirani yake bei.

Sikuambii upande mizabibu. Nakuambia ujiulize: baridi ya shamba langu yatoa nini ambacho nchi ya joto haiwezi kutoa vizuri? Labda ni maziwa, labda ni viazi, labda ni pareto. Ukishajua, kilinde pamoja na wenzako. Atiaye maji katika maziwa ya ushirika hajaiba senti chache tu. Ameiba jina la kila jirani aliyeamka alfajiri kukamua. Na jina likiisha kupotea, hakuna mkopo wa kulinunua tena.