Nani anapanga bei ya muzigo wetu pa duane?

Wandugu wa Masisi na Walikale, kila siku tunalia juu ya bei ya chumvi, ya sukari, ya sabuni, ya mabati. Tunasema ni barabara mbovu, ni vita, ni bariere. Yote ni kweli. Lakini kuko kitu kingine kinafanyika mbele muzigo haujafika Sake wala Lubutu, na hatukizungumuze sana: namna bei ya ule muzigo inapangwa pa duane.

Watu wengi wanafikiri duane ni kiwango tu: 5%, 10% ao 20%. Wanasahau kuuliza: asilimia ya nini? Hapo njo mambo yote iko.

Tuchukue mfano, ni hesabu tu. Mama mumoja amenunua muzigo, na pamoja na transpoti hadi ku mupaka umemugarimu dola 60. Kiwango chake ni 20%. Duane ni dola 12. TVA ya 16% inahesabiwa juu ya 72, ni dola 11,52. Jumla dola 23,52. Sasa ajenti anaangalia faktire na kusema: "Hii si bei ya kweli, tuandike 100." Duane inakuwa 20, TVA 19,20, jumla 39,20. Kiwango hakikubadilika. Sheria haikubadilika. Lakini mama analipa karibu dola 16 zaidi. Na zile dola 16, nani atazilipa mwisho? Ni mununuzi wa Nyabiondo na wa Mubi.

Sheria inasema nini? Kongo iko mwanamemba wa Shirika la Biashara la Dunia (OMC) tangu 1997, na Kanuni ya Duane ya tarehe 20 Agosti 2010 inafuata mapatano ya lile shirika. Bei ya kwanza ya kutumia ni ile mutu alilipa kweli ao atalipa. Kama ajenti yuko na mashaka, anaomba maelezo na karatasi zingine. Kama mashaka yanabaki, hana ruhusa ya kutunga bei mu kichwa. Anafuata ngazi: kwanza bei ya bidhaa sawasawa na ile, kisha bei ya bidhaa ya kufanana nayo, kisha bei ya kuuzia humu inchini kisha kutosha faida, gharama na kodi, kisha gharama za kuitengeneza, na mwisho kabisa njia zingine za busara. Mapatano yanakataza waziwazi bei ya chini iliyopangwa mbele, na bei ya kubuni. Na yanamupa mwenye muzigo haki tatu: kuelezwa kwa maandishi namna bei ilihesabiwa, kukata rufaa bila kupigwa amende, na kutosha muzigo wake kwa kuweka garanti wakati bei ingali inabishaniwa.

Wangapi kati yetu walishaona hata haki moja ya hizo?

Tuseme ukweli: faktire za uongo ziko. Mutu analeta kontena toka Guangzhou ao Dubai, anaandika nusu ya bei. Inchi inapoteza, na mufanyabiashara mwaminifu anashindwa kuuza. Hatutetei ule wizi. Lakini mwenye kontena yuko na deklaran, yuko na avoka, yuko na namba ya simu ya mukubwa fulani. Mwenye kupangiwa bei kwa jicho ni mama wa mabalo mawili ya mitumba, aliyenunua mu soko ambako hawatoe faktire. Ukali unamupata yule hana nguvu.

Kuko na jambo lingine. Kwetu bei ya duane inaunganisha transpoti na asiransi hadi ku mupaka. Muzigo wa kutoka Mombasa unatembea zaidi ya kilomita 1 500 mbele ya kufika Goma, na ile safari yote inaingia mu hesabu. Ni kusema sisi wa mbali na bahari tunalipa kodi hata juu ya umbali wetu. Lakini transpoti ya ndani ya inchi, kisha mupaka, haitakiwe kuingia. Toka hapo, duane imekwisha.

Kumbe njo inaanza. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS walihesabu bariere 798 mu Kivu mbili, 312 mu Kivu ya Kaskazini peke yake. Pa bariere hakuna faktire wala kiwango. Mwenye bunduki anaangalia mufuko, anaangalia sura yako, anataja bei. Tangu Januari 2025 Goma iko mikononi mwa AFC/M23, uwanja wa ndege umefungwa, na Walikale inatazama zaidi upande wa Kisangani. Kila upande unasema wenyewe njo serikali. Kwa raia, matokeo ni moja: mufuko uleule unaweza kupangiwa bei mara mbili, na hakuna mwenye kuheshimu karatasi ya mwenzake.

Kwa hiyo tunaomba, na tutaendelea kuomba:

1. Viwango na namna ya kupanga bei vibandikwe ku kila ofisi ya duane, kwa Kiswahili na Kifaransa, pahali kila mutu anaweza kusoma.

2. Faktire ikikataliwa, sababu iandikwe na isainiwe. Kukataa kwa mudomo hakuna maana.

3. Kila kitansi ionyeshe bei iliyotumiwa, si jumla tu.

4. Wafanyabiashara wadogo wa mupaka wapewe kweli utaratibu murahisi wa COMESA, ambao Kongo ilikubali.

5. Muzigo wenye kitansi usipangiwe bei tena njiani, na mutu yeyote, mwenye uniforme ao asiye nayo.

Na sisi raia tuko na kazi. Mama, papa, chunga faktire yako hata kama ni kikaratasi kibovu. Usilipe bila kitansi. Ukiambiwa bei ingine, uliza: "Umeitosha wapi?" Ukiogopa kuuliza peke yako, mwende watatu, wane.

Vijana wengi mu muvmenti yetu tulisoma, tuko na diplome na hatuna kazi. Basi tuna wakati. Kusoma zile karatasi za Kifaransa, kupiga hesabu ya 20% na 16%, kuandika barua ya rufaa, ile tunaweza kufanya bure. Mutuletee kitansi zenu. Tutazisoma pamoja, tutazipanga pamoja, na siku tutaenda kuuliza wakubwa, hatutakwenda na kilio tu. Tutakwenda na hesabu.