Kwamba Hesabu Haina Lugha

Yako maneno yaliyozoeleka katika mijadala yetu juu ya lugha ya kufundishia, nayo hutolewa kama hukumu isiyokatiwa rufani: kwamba historia na uraia huenda vikafundishwa kwa Kiswahili, lakini hesabu haina haja ya lugha yo yote, maana namba ni namba hata ikitajwa kwa Kichina. Wasemao hivyo ni watu wa elimu, na baadhi yao wamesimama mbele ya darasa. Kwa hiyo hoja yao haifai kupuuzwa, yafaa ivunjwe.

Na tumtazame mwanafunzi wa kidato cha nne wa Tanzania, ameketi usiku na maswali ya trigonometria mbele yake. Katika shule ya msingi ya serikali alihesabu kwa Kiswahili. Aliijua pembetatu, nusu kipenyo na mlinganyo, na aliweza kumweleza mdogo wake maana ya kila kimoja. Alipoingia kidato cha kwanza vitu vile vile vilivuliwa majina yake vikavikwa mageni. Sasa swali lamwamuru aonyeshe kwamba pande mbili za mlinganyo ni sawa, kisha kwa kutumia alichokionyesha atafute ukubwa wa pembe. Kiungo kati ya amri hizo mbili ni neno moja dogo la Kiingereza. Asipolielewa, huiacha kazi yake ya kwanza akaanza upya kwa njia ndefu, na muda wa mtihani humwishia. Alama alizonyimwa huandikwa katika hesabu. Haki yake zingeandikwa katika lugha.

Hilo, hata hivyo, ni jambo jepesi. Liko zito zaidi.

Kuna kosa ambalo mwalimu wa somo hili hachoki kulipigia mstari mwekundu. Mwanafunzi aulizwapo sini ya jumla ya pembe mbili, huandika jumla ya sini zao. (Nasema sini, wala si saini, kwani saini tayari ni alama ya mtu chini ya hati.) Chukua digrii 30 na digrii 60. Sini ya kwanza ni 0.5, ya pili ni 0.866 kwa kukadiria. Jumla ni 1.366. Lakini pembe zenyewe zikijumlishwa ni digrii 90, ambayo sini yake ni 1 kamili, na hakuna pembe ye yote ambayo sini yake huzidi 1. Mwanafunzi ameandika jambo lisilowezekana, na kalamu yake haikusita. Kwa nini haikusita? Kwa sababu sini kwake si kitu. Ni safu katika kitabu cha majedwali, au kanuni aliyoikariri kama mtu akaririvyo maneno ya uganga, ambayo nguvu yake iko katika kutoeleweka.

Basi neno hilo lilitoka wapi? Wataalamu wa Bara Hindi walioipima mbingu waliuona mviringo uliokatwa kuwa ni uta, na mstari unaounganisha ncha zake kuwa ni upote, wakaliita jambo hilo kwa jina la upote katika Kisanskriti. Waarabu walilichukua neno kwa sauti yake tu. Baadaye herufi zake zikasomwa kuwa neno jingine, lenye maana ya mkunjo wa nguo kifuani. Wafasiri wa Kilatini wa karne ya 12 wakaufasiri mkunjo huo kwa uaminifu mkubwa, na Kiingereza kikarithi mkunjo pasipo nguo. Hii ndiyo lugha tunayoambiwa kuwa ndiyo makao ya asili ya hesabu!

Kiswahili kinao uta, na upote kinao. Mwalimu na achore duara, aseme: kipande hiki cha mviringo ni uta, mstari huu ni upote wake, nusu ya upote, ikigawanywa kwa nusu kipenyo, ndiyo sini ya nusu ya pembe iliyoko katikati ya duara. Kisha aupanue uta. Pembe ya katikati ikiwa digrii 60, upote ni sawa na nusu kipenyo. Ikiwa digrii 180, upote ni kipenyo kizima. Uta umekuwa mara tatu, upote mara mbili tu. Aliyekwisha kuliona hilo kwa macho yake hawezi tena kuzijumlisha sini kama mtu ajumlishaye maembe.

Watajibu kwamba hata mtoto wa London hapewi uta wala upote, naye hufaulu. Ni kweli hapewi. Lakini apotezwapo na neno lile lililokufa, mwalimu wake humwokoa kwa maneno aliyolelewa nayo. Wetu huokolewa kutoka neno geni kwa maneno mengine mageni, isipokuwa pale mwalimu anapoteremsha sauti na kueleza kwa Kiswahili, kama afanyaye magendo.

Watajibu tena kwamba istilahi hazitoshi. Baraza la Kiswahili la Taifa limekuwapo tangu 1967, na kukuza istilahi ni sehemu ya kazi yake. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili mwaka 1985. Mwaka huo ukapita kama mingine. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote, na kidato cha kwanza kikaendelea kufunguliwa kwa Kiingereza. Istilahi zisizotumika darasani haziwezi kutosha kamwe, kama viatu visivyovaliwa visivyoweza kuizoea miguu.

Simwombi mtu akifukuze Kiingereza. Kifundishwe kama somo, tena kifundishwe vizuri kuliko sasa. Naomba karatasi ya hesabu ya kidato cha nne ichapishwe kwa lugha zote mbili, kila swali ubavuni mwa mwenziwe, na mtahiniwa ajibu kwa lugha aitakayo. Wanaoamini kwamba hesabu haina lugha hawana sababu ya kulikataa hilo.