Kodi ya Mwezi na Sitara ya Fukara

Karibu na kituo cha 56, Kawangware, ipo ploti yenye vyumba kumi na sita vya mabati, vinane vikitazamana na vinane, na katikati yake umepita mtaro wa maji machafu ambao watoto wameuzoea hata wanauruka bila ya kuutazama. Jioni moja, tarehe saba ya mwezi, nilipofika hapo kumzuru jamaa yangu, nilikuta mlango mmoja umetiwa makufuli mawili, la mpangaji chini na la mwenye ploti juu yake. Mpangaji, mama wa makamo ambaye riziki yake ni kufua nguo katika majumba ya Lavington, alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, na mwanawe amesimama ubavuni pake akiwa bado na sare ya shule, kwani nguo zake za kubadilisha zilikuwa ndani. Mama yule hakulia wala hakupaza sauti. Alimwomba msimamizi wa ploti amfungulie achukue japo blanketi, naye akamjibu kwa upole wa mtu aliyetumwa: "Mama, hata mimi nimeagizwa tu." Usiku ule mama na mtoto walilala kwa jirani, watu saba ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi.

Nimeanza na kufuli kwa sababu kadhia nzima ya makazi ya maskini wa Nairobi imo ndani ya kile kipande cha chuma. Serikali zetu, moja baada ya nyingine, zimekuwa zikitafakari namna ya kumjengea fukara nyumba, ilhali fukara mwenyewe, kila mwezi unapoandama, hutafakari namna ya kubaki katika chumba alicho nacho. Haya ni mambo mawili mbalimbali, na sera inayoyachanganya, hata ikiwa imezaliwa na nia njema, aghalabu huishia kumnufaisha mtu ambaye hakukusudiwa.

Tuwe na insafu, lakini. Katika miaka hii ya karibuni nyumba zimejengwa, na anayekana hilo anakana lionekanalo kwa macho. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilimtoza mwajiriwa asilimia 1.5 ya mshahara wake na mwajiri wake kiasi kicho hicho. Mahakama Kuu ikaubatilisha ushuru ule mwezi Novemba mwaka huo, mojawapo ya hoja zake ikiwa kwamba kuwatoza wenye ajira rasmi peke yao na kuwaacha wengine ni ubaguzi. Bunge nalo likatunga Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, iliyotiwa sahihi mwezi Machi 2024, ambayo iliueneza ushuru hata kwa mwenye kibanda na mwenye jembe. Mwezi Mei 2025 zikakabidhiwa nyumba 1,080 za kwanza kati ya 13,248 zilizokusudiwa kujengwa Mukuru. Aliyeyaona mafuriko ya Aprili na Mei 2024, yalipozikumba Mathare na Mukuru, kisha matingatinga yakaja kuwamalizia wale waliokuwa kando ya mito, na kila jamaa ikaahidiwa shilingi 10,000 ya kwenda kutafuta pa kuanzia, hatathubutu kulidharau ghorofa lenye maji na choo ndani.

Basi swali ni nani ataingia humo. Sheria yenyewe imewagawa watu kwa kipato: anayepata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi amewekewa nyumba za kijamii, na anayepata kati ya 20,000 na 149,000 amewekewa nyumba za bei nafuu, na aliye juu ya hapo ana fungu lake pia. Mgawanyo huu una busara ndani yake, walakini umejengwa juu ya dhana kwamba kila mtu ana kipato cha mwezi. Mama yule wa makufuli mawili hana kipato cha mwezi. Ana kipato cha siku. Alfajiri hutoka Kawangware kwa miguu, akashika barabara ya Gitanga, akaketi na wenzake chini ya ua wa mtu mpaka mwenye nguo chafu atoke kumwita, na zipo siku jua humpanda utosini bila ya kuitwa. Tuseme ameitwa siku kumi na mbili katika mwezi, kwa shilingi 600 kila siku: hizo ni 7,200, na humo mna kodi, unga, mafuta ya taa, maji ya mitungi na karo. Kanuni za mpango ule zilipoanza zilimtaka mnunuzi aweke arubuni ya kumi kwa mia. Kwa nyumba ya milioni moja, arubuni hiyo ni laki moja, yaani zaidi ya mwaka mzima wa kufua bila ya kula.

Wengi wa majirani zake wako katika hali hiyo hiyo. Uchunguzi wa Benki ya Dunia uliofanywa mwaka 2004 katika mitaa ya mabanda ya Nairobi ulikuta kwamba watu 92 katika kila 100 ni wapangaji. Ni tarakimu ya kutazamwa mara mbili, kwa kuwa picha tuliyoichora vichwani ni ya mtu aliyekita kibanda chake mwenyewe juu ya ardhi asiyo na hati yake. Sivyo. Kibanda ni cha mtu, mabati ni ya mtu, na aghalabu mtu huyo halali humo. Hivyo hivyo tumezoea kusema kwamba Kibera ina watu milioni moja, hata hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilipokuta 170,070 wako waliokasirika, kana kwamba dhiki ya laki moja na elfu sabini haitoshi kuhurumiwa.

Upangaji huu una asili yake. Wakati wa ukoloni Mwafrika alihesabiwa mjini kuwa mpita njia, mwenye kipande shingoni, aliyekuja kufanya kazi na ambaye hatima yake ni kurudi reserve. Mtu wa namna hiyo hajengewi nyumba, hupewa pa kulaza ubavu. Pumwani ilipotengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, wenyeji wake, wengi wao Waislamu, na wanawake wakiwamo, walijenga nyumba za udongo za Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba huku na huku, wakapangisha chumba kimoja kimoja, na ndipo mji wa Nairobi ulipojifunza kumhifadhi mfanyakazi wake bila ya kutoa senti. Chumba cha futi kumi kwa kumi cha leo, tukiitacho singo, ni mjukuu wa chumba kile, ila kimepoteza ukumbi, kimepoteza kivuli, na udongo uliokuwa baridi umegeuka bati.

Kibera nayo ilianza kwa askari wa Kinubi wa jeshi la King's African Rifles, waliopewa msitu wakae bila ya kupewa hati, na iliwachukua wajukuu wao takriban karne nzima hata wakakabidhiwa hati ya ekari 288 mwezi Juni 2017. Katika sehemu ya Kibera iliyobaki mikononi mwake ndipo serikali ilipoleta mpango wake mkubwa wa kuboresha mitaa ya mabanda, ambao mafunzo yake, kwa maoni yangu, hayajasomwa ipasavyo. Mwezi Septemba 2009 watu wa Soweto Mashariki, huko Kibera, walihamishiwa Lang'ata, katika majengo yenye nyumba 600 za vyumba vitatu vitatu, wakakaa chumba kimoja jamaa moja na kushirikiana jiko na choo, wakingoja kwao kujengwe. Walingoja karibu miaka saba. Nyumba 822 zilipokuwa tayari mwaka 2016, walioingia waliingia kwa furaha ya haki. Lakini haukupita muda mrefu kabla ya baadhi yao kupangisha nyumba zile kwa wenye mishahara na kurejea mabandani, kwa kuwa kodi ya nyumba nzuri iliwalisha kuliko nyumba nzuri yenyewe.

Watu wengi huwalaumu hao, wakisema maskini hajui kutunza neema. Mimi sioni lawama hapo. Mtu akipewa kitu cha thamani na akawa hana chakula, atakifanya chakula. Hata sisi tulio na mishahara huuza shamba la baba ili tumpeleke mgonjwa hospitali. La kujiuliza ni kwa nini tulimpa milki mtu ambaye haja yake ilikuwa kodi anayoimudu na hakika ya kutofukuzwa.

Na kufukuzwa kumeendelea. Tarehe 23 Julai 2018 matingatinga yaliingia Kibera kuifungulia njia barabara ya kuunganisha Ngong na Lang'ata, yakabomoa nyumba na shule, na watu wapatao 30,000 wakaachwa nje katika baridi ya Julai, mwezi ambao Nairobi humtetemesha hata mwenye koti. Barabara ile inahitajika, sipingi. Lakini Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi ya kufaa. Sheria za ardhi zilizorekebishwa mwaka 2016 zinataka ilani ya miezi mitatu. Na Mahakama ya Juu, mwezi Januari 2021, katika shauri la wakaazi wa kijiji cha Mitumba waliobomolewa karibu na uwanja wa ndege wa Wilson mwaka 2011, ilithibitisha kwamba mtu aliye juu ya ardhi ya umma bila ya hati bado ana haki hiyo. Hatukosi sheria, ila tunapungukiwa na wa kuzitii.

Sasa tuirudie Kawangware, kwa sababu huko ndiko mpango wa nyumba unapokoma. Kibera, kwa sehemu kubwa, ni ardhi ya serikali, na serikali ikitaka kujenga yaweza. Kawangware, kinyume chake, aghalabu ni ardhi ya watu: mashamba ya jamaa za Dagoretti yaliyogawanywa na kurithiwa mpaka kila kipande kikawa ploti, na kila ploti ikawa vyumba. Serikali haina pa kusimamisha ghorofa humo, na haifai kumnyang'anya mwananchi urithi wake. Mpangaji wa Kawangware, basi, anaweza kuishi maisha yake yote akisikia habari za nyumba za bei nafuu katika redio ya jirani, na pengine akizichangia, asiguswe nazo hata siku moja. Mkono pekee wa serikali unaoweza kuufikia mlango wake ni sheria ya upangaji.

Na sheria hiyo ipo, ila imelala. Sheria ya Kudhibiti Kodi, pamoja na baraza lake la kuamua mashauri, inamlinda mpangaji wa nyumba ya kuishi asipandishiwe kodi ovyo wala kutolewa bila ya amri. Lakini inamlinda yule tu ambaye kodi yake ya kisheria haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho kiliwekwa zamani, wakati shilingi 2,500 zilikuwa kodi ya mtu mwenye heshima yake. Leo singo ya mabati, ya choo cha pamoja na maji ya kununua, ni nadra kupatikana Kawangware kwa bei hiyo, na kadiri bei zinavyopanda ndivyo maskini wanavyotoka mmoja mmoja katika hifadhi ya sheria iliyotungwa kwa ajili yao, pasipo mtu yeyote kuifuta. Mswada wa mwaka 2021 ulikusudia kurekebisha mambo ya mwenye nyumba na mpangaji, nao haukufikia kuwa sheria.

Najua jibu la wenye ploti, na halistahili kupuuzwa. Wengi wao si matajiri. Yuko ajuza ambaye vyumba vyake vinane ndivyo pensheni yake, na mpangaji asipolipa miezi mitatu, ajuza yule naye hulala njaa. Wanasema pia kwamba kodi ikifungwa kwa amri, hakuna atakayejenga, na vyumba vitapungua. Hoja hii ina uzito, wala mimi siombi kodi igandishwe. Naomba mambo madogo ambayo ajuza mwenyewe angeyakubali: mkataba wa maandishi hata kwa chumba cha bati, ilani kabla ya kodi kupandishwa, baraza la usuluhishi lililo karibu ambako mwenye nyumba pia atadai haki yake bila ya kungoja miaka, na kufuli la juu liwe ni kosa la jinai. Na sehemu ya ushuru wa nyumba iende kwenye mifereji, maji na mitaro ya majitaka katika mitaa ambayo haitajengewa ghorofa, ili mchango wa watu wa 56 urudi 56.

Hesabu ya familia za mitaani iliyofanywa mwaka 2018 ilipata watu 46,639 katika nchi nzima, na 15,337 kati yao walikuwa Nairobi. Tunawaita watoto wao chokoraa, jina la kumtoa mtu utu wake, kana kwamba walizaliwa na barabara. Wengi wa watu hao walikuwa na mlango siku moja, na katika njia itokayo mlangoni hadi barazani pa duka la mtu kuna usiku wa kwanza kwa jirani, wa pili kwa ndugu, kisha ndugu naye akachoka. Mama niliyemkuta juu ya ndoo hakuhesabiwa na yeyote usiku ule. Alidaiwa shilingi 3,000.

Waheshimiwa wabunge, tarakimu ile ya 2,500 imo mikononi mwenu. Ibadilisheni.