Gia Nyepesi Si Aibu

Katika umri wangu wa miaka sabini na ushei nimeyasikia maneno mengi ya kipuuzi yakisemwa kwa sauti ya uhakika. Na kwa kuwa nilikuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi, mengine niliyasema mimi mwenyewe. Lakini lipo moja ambalo limenilazimisha kushika kalamu. Ni lile neno la wauza baiskeli na vijana wa mjini kwamba gia kubwa ni ya wanaume, na gia nyepesi ni ya wanawake, watoto na wazee. Nasema wazi kwamba neno hili ni la uongo, tena lina madhara, na aliyelitunga hakuwahi kupanda mlima akiwa na safari ya lazima.

Nianze na kisa. Mwaka 2018 mjukuu wangu alitoka Dar es Salaam kuja kunisalimu. Mimi nimejenga upande wa Soni, katika milima ya Usambara. Alisafiri na baiskeli yake kwenye basi hadi Mombo, kule chini kwenye mashamba ya mkonge, akakusudia kumalizia safari kwa kunyonga. Ndugu msomaji, kama huijui barabara ya Mombo kwenda Lushoto, ni ya lami, urefu wake ni zaidi ya kilomita 30, nayo hupanda karibu mita 1,000, kona baada ya kona, mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Baiskeli yenyewe ilikuwa ya mashindano, mtumba wa Ulaya, tairi nyembamba kama kidole gumba. Aliyemuuzia alimwambia kwamba akiwa na mashine ile hakuna wa kumkamata barabarani.

Nilimngoja tangu saa sita. Alifika saa kumi, akikokota baiskeli, viatu kaning'iniza kwenye usukani, goti la kulia analishika kila hatua. Akanipa shikamoo, akaketi kwenye kizingiti, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Babu, nimeshindwa. Watoto wa shule wamenicheka njia nzima."

Sikumjibu. Niliipindua baiskeli, magurudumu juu, nikahesabu meno. Mbele zilikuwapo sproketi mbili, moja ya meno 53 na nyingine ya meno 39. Nyuma sproketi zilianzia meno 11 na kuishia 23. Nikamwambia, "Hukushindwa wewe, baba. Umeuziwa baiskeli ya mtu mwingine."

Hesabu yake ni ya darasa la sita. Gawanya meno ya mbele kwa meno ya nyuma, kisha zidisha kwa mzingo wa gurudumu, ambao kwa baiskeli kama ile ni mita 2.1 hivi. Utapata umbali unaokwenda kila unapozungusha pedeli mzunguko mmoja. Gia nyepesi kuliko zote aliyokuwa nayo kijana ilikuwa 39 kwa 23, yaani karibu mita tatu na nusu. Sasa mtu wa kawaida, katika mlima mkali, hupanda kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa, ambao ni mita 133 kwa dakika. Kwa gia ile, atazungusha pedeli mara 37 tu kwa dakika. Kila mzunguko ni kama kupanda ngazi na gunia mgongoni. Lakini angekuwa na sproketi ya meno 34 mbele na 34 nyuma, mzunguko mmoja ungempeleka mita 2.1, na kwa mwendo ule ule angezungusha mara 63. Kazi ya kuupanda mlima ni ile ile, ila imegawanywa katika vipande vingi vidogo. Mtu hawezi kula mkate mzima kwa tonge moja, wala goti haliwezi.

Atatokea mtu aseme kwamba kijana angejikaza tu na kuzungusha upesi. Haya, tukokotoe. Ili azungushe mara 63 kwa gia yake nzito, ilimpasa apande mlima kwa zaidi ya kilomita 13 kwa saa. Huo ni mwendo wa mwanamichezo anayefanya mazoezi kila siku. Mlima hauangalii kifua cha mtu.

Hapa ndipo ilipo hoja yangu, nami naomba isomwe taratibu. Kukosa gia kubwa na kukosa gia ndogo si hasara sawa. Ukikosa gia kubwa kwenye tambarare, unapoteza dakika chache, pengine hupotezi kitu. Ukikosa gia ndogo mlimani, unapoteza safari yenyewe: unashuka, unakokota, na baiskeli iliyonunuliwa ikubebe inakuwa mzigo. Kwa hiyo mtu mwenye busara huchagua kwanza gia ya mlima wake, kisha ndipo huangalia iliyobaki kwa tambarare. Wauzaji wetu hufanya kinyume. Huuza baiskeli kwa mbio za tambarare, na mlima humwachia mnunuzi akaugundue mwenyewe.

Tena tambarare inataka kidogo kuliko tunavyodhani. Ukienda kilomita 25 kwa saa, mwendo mzuri kabisa, huku ukizungusha mara 80 kwa dakika, unahitaji mita 5.2 kwa mzunguko. Nilipoipata hesabu hiyo nilicheka peke yangu, maana Phoenix yangu ya zamani ilikuwa na meno 48 mbele na 20 nyuma, na gurudumu lake lina mzingo wa mita 2.2. Piga hesabu: ni mita 5.3. Baiskeli ile nyeusi ya kubebea mkaa ilikuwa na gia sahihi kabisa ya tambarare! Ilichokosa ni gia ya mlima peke yake. Ndiyo maana watu wa Tanga mjini huzunguka na baiskeli za gia moja mwaka mzima bila kulalamika, nami siwashauri wabadili kitu. Pale hakuna mlima wa kumsumbua mtu.

Nimepingwa, na wapinzani nawasikiliza. Wa kwanza husema kwamba mwenye sproketi ya mbele ya meno 50 badala ya 53 ataachwa na wenzake. Ataachwa wapi? Kwa meno 50 mbele na 11 nyuma, akizungusha mara 90 kwa dakika, anakwenda kilomita 51 kwa saa. Mwenye 53 anakwenda 54. Mwendo huo mtu wa kawaida huupata kwenye mteremko tu, na kwenye kona za Soni, penye malori ya kabichi na viazi, kazi ya mwenye akili ni kushika breki, si kutafuta kilomita tatu za ziada. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma.

Wa pili ana hoja ya kweli, nami namkubalia. Husema kwamba sproketi za nyuma zikienea kutoka 11 hadi 34, hatua kati ya gia na gia huwa ndefu. Unatoka kwenye meno 15 unarukia 17, na unapokwenda kwenye tambarare yenye upepo unajikuta gia moja ni nzito mno na ya pili ni nyepesi mno. Ni kweli. Anayeshindana katika kundi, kwenye nchi tambarare, ana sababu ya kutaka sproketi zilizosongamana. Lakini namwuliza mwenzangu anayekwenda kazini, shambani au kwa wakwe: kati ya kukereka kidogo kwenye tambarare na kukokota mlimani, unachagua lipi?

Kwa anayetaka ushauri, ni huu. Ufikirie mlima mbaya kuliko yote unaoupanda, ukiwa na mzigo wako wa kawaida, mwisho wa siku na si asubuhi. Tafuta baiskeli ambayo meno ya sproketi ndogo ya mbele hayazidi ya sproketi kubwa ya nyuma. Usidanganywe na idadi ya gia. Zile baiskeli za gia 21 zinazouzwa kila soko, nyingi zina meno 28 mbele na 28 nyuma, yaani tayari zina gia ya mlima. Lakini wenyewe wameacha waya uote kutu, cheni imekwama kwenye sproketi ya katikati, na bado wanalalamikia mlima. Mwenye baiskeli ya gia moja anaweza kumwomba fundi friwili ya meno 22 badala ya 18 au 20; tofauti ataisikia siku ya kwanza. Na mwenye baiskeli ya mashindano aulize kabla ya kununua kama mkono wa nyuma unaohamisha cheni unaweza kubeba sproketi kubwa. Mingi ya zamani haiwezi. Kwa mjukuu wangu ilibidi kubadili mikono ya pedeli, kwa sababu sproketi ya meno 34 haikulingana na matundu ya boliti, pamoja na sproketi za nyuma, mkono wa kuhamisha na cheni. Gharama ile iliniuma, lakini mwaka 2019 alipanda kutoka Mombo mpaka mlangoni kwangu bila kushusha mguu.

Je, aibu hii ya gia nyepesi ilitoka wapi? Si yetu peke yetu. Henri Desgrange, Mfaransa aliyeanzisha mashindano ya Tour de France mwaka 1903, alishikilia kwamba gia za kubadilisha ni za watu waliopita miaka 45. Washindani wake walilazimika kusimama chini ya mlima, wafungue gurudumu la nyuma na kuligeuza ili watumie sproketi ya upande wa pili. Hadi mwaka 1937 ndipo mitambo ya kuhamisha cheni iliporuhusiwa katika mashindano yale. Leo mabingwa wenyewe, katika siku za milima mikali, hufunga nyuma sproketi ya meno 30 na zaidi, wala hakuna anayewaita wazee. Mabingwa wameiacha aibu. Muuza mtumba wetu bado anaitembeza.

Lakini nisiwalaumu wauzaji peke yao. Nimesema kwamba maneno mengine ya kipuuzi niliyasema mimi, na sasa nilitaje moja.

Mwaka 1984, katika shule moja ya milimani, nilikuwa na walimu wawili waliokuja kwa baiskeli. Mmoja aliishi kilomita tisa, akifuata mgongo wa mlima ambao ni kama tambarare. Wa pili, kijana aliyetoka chuoni, alipanga chumba kule bondeni, kilomita sita tu. Yule wa tisa aliwahi kila siku. Yule wa sita alichelewa. Nilimwandikia barua ya onyo, kisha ya pili. Siku moja, mbele ya walimu wote, nikamwambia: "Mwenzako anatoka kilomita tisa na anafika. Wewe sita zinakushinda, mwanamume mzima?" Hakujibu. Muhula ulipokwisha aliacha kazi ya ualimu.

Jioni ile nilipohesabu meno ya baiskeli ya mjukuu wangu, mkono uliendelea kuandika hesabu nyingine bila kutumwa. Kilomita tisa za tambarare, kwa mwendo wa kilomita 16 kwa saa, ni dakika 34. Kilomita sita za mlima, kwa mtu anayekokota baiskeli ya gia moja, kwa mwendo wa mguu wa kilomita tano kwa saa, ni saa moja na dakika 12. Yule kijana alikuwa akiondoka kwake mapema kuliko mwenzake, gizani, na alifika akiwa amechoka zaidi. Mimi nilipima kilomita nikausahau mlima. Gia za kubadilisha hazikuwapo madukani kwetu wakati ule, lakini ratiba ya vipindi ilikuwa mikononi mwangu. Kumpa kipindi cha pili badala ya cha kwanza kungenigharimu kufuta mstari mmoja.

Nilikutana naye Korogwe mwaka 2021, naye ni mzee sasa, ana duka la vifaa vya ujenzi. Alinisalimu kwa heshima zote, "Shikamoo Mwalimu Mkuu." Nikamwomba radhi pale pale, dukani, wateja wanasikia. Alinyamaza kidogo akifuta meza, kisha akasema, "Yalikwisha, Mwalimu. Lakini ule mlima ulikuwa mrefu."

Kwa hiyo, msomaji, ukimwona mtu anapanda mlima kwa gia nyepesi, miguu inazunguka upesi na baiskeli inakwenda polepole, usimcheke. Anafanya hesabu sahihi. Nami, mzee wa meno 34 kwa 34, nitapita mbele ya duka la yule muuzaji kila nikienda mjini, nikiwa nimekaa juu ya kiti changu.