Pimeni mwanga, msihesabu taa

NJIA PANDA, na Hamisi Mkongwa

Dereva akisimamishwa na trafiki kwa mwendo, anajua anachoulizwa. Kibao kimeandika 50, tochi imesoma 67, picha ipo. Anaweza kununa, anaweza kuomba asamehewe, lakini kubishana na namba hawezi. Akisimamishwa kwa taa alizoongeza mbele ya gari, maongezi yanakuwa mengine kabisa. "Hizi nani kakuruhusu?" Hapo hakuna kibao, hakuna tochi, hakuna picha. Kuna askari anayesema hazifai, na kuna dereva anayeapa kwamba jana kapita na gari hilohilo mbele ya askari wengine njia nzima na hakuna aliyemuuliza. Wote wawili huenda wanasema kweli, na ndiyo maana wanaachana kwa hasira.

Nianze na upande wa askari, maana siku hizi hakuna anayeutetea. Anayesafiri usiku kati ya Kibaha na Chalinze anaujua ule mwanga mweupe unaotokea mbele kama mlango wa tanuri umefunguliwa. Unapiga ful ya kumwomba apunguze, hapunguzi. Kumbe ile ndiyo dimu yake. Unabaki kuitafuta mistari ya barabara kwa kukumbuka tu ilipokuwa. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linakula karibu mita 22 kila sekunde. Macho yakipofushwa kwa sekunde tatu, umeshapita mita 66 bila kuona, na katika hizo mita 66 anaweza kuwepo mtu na baiskeli yake isiyo na taa. Kwa mwenye umri wangu macho hayarudi haraka kama ya kijana wa miaka ishirini. Tangu mabasi yaruhusiwe tena mwaka 2023 kutembea usiku kucha, baada ya zuio la miaka mingi, wanaokutana na mwanga huo gizani wameongezeka, na wengi wao wamelala kwenye viti wakimtegemea mtu mmoja aliyeshika usukani.

Kwa hiyo Kikosi cha Usalama Barabarani kinapotangaza operesheni ya taa zilizoongezwa, sina ugomvi na nia yake. Na kwa vimulimuli na ving'ora kwenye magari ya watu binafsi sina ugomvi hata na njia yake. Ving'oeni. Polisi, zimamoto na gari la wagonjwa wanatosha. Mfanyabiashara mwenye haraka ya kuwahi kikao chake Posta si mgonjwa, na kama trafiki hampigii saluti tena kwa sababu ya taa za buluu zilizofichwa kwenye grili, tutakuwa tumepiga hatua.

Ugomvi wangu ni kwenye zile nyingine: spotilaiti mbili juu ya bampa, baa ya LED juu ya kabini ya lori, taa za ukungu ambazo gari lilikuja nazo kutoka Japani. Zote zinatiwa kapu moja, na kinachoamua ni macho ya askari saa nne asubuhi, jua likiwaka, taa zikiwa zimezimwa.

Tujiulize kwanza kwa nini mtu anatoa fedha yake kununua taa ya ziada. Madereva si wendawazimu. Gari lililotumika miaka kumi na tano kabla ya kushushwa bandarini linafika na hedilaiti zilizoota utando wa manjano, kwa sababu kile tunachokiita kioo ni plastiki, na plastiki inachomwa na jua. Wengine wanazisugua kwa dawa ya meno, zinang'aa wiki mbili, zinarudi kule kule. Mwanga unaotoka hapo haumuliki mbali na haumuliki kwa mpangilio. Halafu mtu huyu unamtuma usiku kwenye barabara yenye ng'ombe, yenye lori bovu lililowekewa matawi ya mti nyuma badala ya pembetatu, yenye kipande cha Mikumi ambako bango linakuonya juu ya faini ya kila mnyama utakayemgonga. Tembo hana kiakisi mwanga. Dereva anaongeza taa kwa sababu anataka kufika, na aliyemshauri ni fundi umeme wake, mtu anayemwamini kuliko sheria asiyoijua.

Fundi huyo, kwa bahati mbaya, ndiye chanzo cha nusu ya tatizo, na wala si kwa spotilaiti.

Glopu ya H4, ile inayovaliwa na magari mengi ya kawaida barabarani kwetu, ina nyuzi mbili ndani, moja ya ful na moja ya dimu. Chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha bati. Kazi yake ni kuuzuia mwanga usiangukie nusu ya chini ya kile kiakisi kinachong'aa ndani ya hedilaiti, kwani ukiangukia huko unarushwa juu, moja kwa moja kwenye macho ya anayekuja. Hedilaiti nzima imepigiwa hesabu kufuata mahali ule uzi ulipo, hesabu ya milimita. Sasa unakwenda dukani Kariakoo, unauziwa jozi ya glopu za LED nyeupe pee, mwanga wa baridi kama wa chumba cha upasuaji. Fundi anazichomeka, zinaingia kwenye tundu lilelile. Lakini mwanga wake hautoki pale uzi ulipokuwa, na kiakisi hakijui hilo. Kinautawanya kila upande. Mwenye gari anafurahi kwa sababu lami ya mbele ya bampa imekuwa nyeupe. Anayekutana naye amepofuka. Na asubuhi yake, pale kwenye kizuizi, gari hilo lina taa mbili tu, zilezile lilizozaliwa nazo, hivyo trafiki analipungia mkono lipite.

Lipo pia gari ambalo halijabadilishwa kitu chochote ila limebebeshwa. Pakia magunia ya viazi nyuma ya Fuso, au watu kumi na mizigo yao kwenye Noah, mkia unashuka na pua inapanda. Dimu iliyotazama lami sasa inatazama matawi. Magari mengi ya Kijapani yana kigurudumu kidogo karibu na usukani chenye namba kuanzia 0, cha kushushia mwanga gari likiwa na mzigo. Mwulize mwenye gari ni cha nini. Wengi wameendesha miaka na hawajawahi kukigusa, na kwenye masomo ya udereva ni nadra kusikia kikitajwa.

Na yapo malori yanayoingia kupitia Rusumo na Kabanga, au yanayoshuka kutoka Kongo kwa njia ya Tunduma. Rwanda, Burundi na Kongo wanapita kulia. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya kupita kulia, dimu yake huinuka kidogo upande wa kulia ili imulike ukingo wa barabara ya kwao. Kwetu upande huo ndiko anakotokea mwenzake. Dereva hana kosa alilotenda, taa zake ni halali kabisa nyumbani, na anakupofusha kila unapokutana naye hadi bandarini.

Yote hayo hayaonekani kwa kuhesabu taa. Wakati huohuo, mwenye spotilaiti mbili zilizofungwa vizuri, zinazowaka kwa ful tu na kuzimika mara anapotia dimu, hampofushi mtu yeyote. Yeye ndiye anayeandikiwa.

Sheria yenyewe ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973. Imetiwa viraka mara kadhaa, ila mwili wake ni wa enzi hiyo. Glopu ya H4 ilikuwa na umri wa miaka miwili tu duniani. Taa za zenoni zilikuja kwenye magari mwaka 1991, na gari la kwanza kuuzwa likiwa na dimu ya LED kutoka kiwandani lilikuwa Lexus moja ya mwaka 2007. Waliotunga sheria wasingeweza kuota kwamba siku moja kijana wa bodaboda atanunua kwa bei ya chakula cha siku chache taa yenye uwezo wa kumpofusha dereva wa basi. Siwalaumu. Ninaowalaumu ni sisi tulioziona zikiingia makontena kwa makontena.

Wenzetu Waingereza, ambao nao wanapita kushoto na ambao ndio waliotuachia mazoea mengi ya barabarani, kanuni zao za taa za mwaka 1989 zinataja namba. Dimu ya gari isiwe chini ya sentimita 50 kutoka ardhini wala juu ya sentimita 120. Mwongozo wao wa barabarani unakataza kuwasha taa za ukungu isipokuwa uwezo wa kuona umeshuka chini ya mita 100. Na kwenye ukaguzi wa gari wa kila mwaka mwelekeo wa mwanga unapimwa kwa kifaa. Sisemi kule madereva hawalalamiki. Wanalalamika mno kuhusu mwanga wa magari mapya. Ila anayesimamishwa anaweza kuonyeshwa futi kamba, si sura ya askari.

Hapa kwetu Bunge lilikwishaamua mwaka 2021 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Basi wizara inayohusika itupe ukurasa mmoja wa Kiswahili, kanuni ya taa peke yake. Ngapi zinaruhusiwa, zifungwe kimo gani, zipi ziwake na ful tu, zipi zifunikwe mchana kweupe, rangi gani ni marufuku kwa raia. Ukurasa huo ubandikwe kwenye kila duka la vipuri na kila gereji. Muuzaji anayeuza bidhaa isiyoruhusiwa barabarani naye aguswe, kwani ni ajabu kitu kiwe halali kwenye kaunta ya Kariakoo, kilipiwe kodi, kitolewe risiti, kisha kiwe kosa kikifika Ubungo.

Bila hivyo tutaendelea na mchezo ambao kila mtu anaujua na hakuna anayeutaja kwa sauti. Faini ni shilingi 30,000 kwa kosa, unaandikiwa, namba ya malipo inakuja kwenye simu, usipolipa deni linakusubiri kwenye mfumo. Huo ni utaratibu safi kuliko ule wa zamani. Lakini mfumo unapokea kile askari alichochagua kuandika, na kosa lisilo na kipimo ndilo rahisi kulichagua, au kulisahau, kutegemea mazungumzo yamekwendaje. Nimeshasikia madereva wa malori wakisema wazi kwamba hawaziondoi spotilaiti kwa sababu ni nafuu kuzungumza kuliko kubaki gizani Sekenke. Wapo askari waadilifu wanaosimama juani kutwa nzima na kusema ukweli kwa upole, nao wanalipishwa heshima yao kwa ajili ya hao wengine.

Matokeo yake unayaona barabarani. Umoja pekee wa taa tulionao Watanzania ni kupigiana ful kuonyana kwamba mbele kuna trafiki. Mtu ambaye usiku hakupunguzii mwanga hata umlilie, mchana anakuwa ndugu yako wa damu, anakupigia taa kilomita mbili kabla ya kizuizi. Askari wanachukia jambo hilo, na wana haki, maana anayeonywa leo anaweza kuwa mlevi au mwizi. Lakini ni kipimo cha jinsi madereva wanavyomtazama mtu mwenye sare nyeupe: kama bonde la kukwepwa, si kama mlinzi.

Nasikia jibu kutoka makao makuu: vifaa vya kupimia mwanga ni ghali, bajeti haitoshi, vituo ni vingi. Kwa mizani ya serikali sidhani kama ni kweli, ila tukubali. Kipo kipimo kisichohitaji bajeti. Chukua ukuta ulio wima na uwanja ulio sawa mbele yake. Simamisha gari mita 10 kutoka ukutani. Pima kimo cha katikati ya hedilaiti kutoka chini, kichore ukutani kwa chaki, kisha chora mstari wa pili sentimita 10 chini yake. Washa dimu. Kwa gari dogo la kawaida, pale mwanga unapokatika panapaswa kuwa karibu na mstari wa chini. Ukipanda juu ya mstari wa kwanza, gari hilo linapofusha watu, liwe na taa mbili au kumi na mbili. Taa za LED zilizovikwa kwenye hedilaiti isiyo yake zitajisema zenyewe, kwa sababu hazitakata mstari wowote. Zitamwagika ukuta mzima.

Kila mwaka, Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani inapokaribia, magari yanapangwa foleni kukaguliwa ili yapewe stika. Ukaguzi unafanywa mchana, askari anazunguka gari, anatazama tairi, anaomba indiketa, breki, honi. Safari ijayo mkoa mmoja tu ujaribu kufanya zoezi hilo kuanzia saa moja jioni, kwenye uwanja wenye ukuta, fundi umeme akiwa pembeni na bisibisi yake. Anayekutwa mwanga umepanda ashushiwe palepale, alipe ufundi, aondoke na stika. Anayekutwa na spotilaiti zinazozimika kwa dimu aachwe nazo. Anayerudi kukamatwa barabarani baada ya hapo aandikiwe zile 30,000, na mimi nitakuwa wa kwanza kusema kayataka mwenyewe.