Kevin, Caoimhín na Kalamu ya Karani

Kevin na Brian ni majina yaliyozoeleka mno katika madarasa yetu hapa Kenya, hata hakuna anayeuliza yametoka wapi. Mwenye jina mwenyewe atakuambia ni la Kizungu, na mjadala utaishia hapo. Lakini Uzungu nao una koo zake. Kevin ni umbo la Kiingereza la Caoimhín, jina la mtakatifu aliyeanzisha monasteri ya Glendalough katika karne ya 6. Brian ni jina la mfalme aliyeuawa kwenye vita vya Clontarf mwaka 1014. Yote mawili ni majina ya Kiayalandi, lugha ya taifa lililotawaliwa na Waingereza karne nyingi kabla yetu.

Nimeyakumbuka hayo baada ya mwanafunzi wangu wa zamani aishiye Dublin kuniomba ushauri. Yeye na mkewe wanatarajia mtoto wa kiume, nao wanataka mojawapo ya majina yake liwe la nchi atakamozaliwa. Wanafikiria Oisín, Tadhg au Caoimhín. Wenzake kazini wanamwambia achague Kevin, kwa kuwa halimsumbui mtu. Jibu langu linawahusu wengi kuliko wao wawili, ndiyo maana naliandika hapa.

Katika Ayalandi jina halijawahi kuwa jambo la nyumbani tu. Sheria za Kilkenny za mwaka 1366 ziliwakataza walowezi wa Kiingereza kutumia majina ya wenyeji. Mwaka 1465 sheria nyingine iliwaamuru Waayalandi walioishi kati ya Waingereza, Dublin na maeneo ya jirani, wachukue majina ya ukoo ya Kiingereza: ya mji, ya rangi, ya ufundi au ya cheo. Baadaye kazi hiyo ilifanywa kimyakimya na kalamu. Diarmuid aliandikwa Jeremiah, Conchobhar akawa Cornelius, na Tadhg, jina lenye maana ya mshairi, likageuzwa Timothy. Majina hayo hayana undugu wowote wa asili wala wa maana. Yalifanana kidogo tu masikioni mwa aliyeandika. Tadhg lenyewe likaja kuwa tusi la kuwadhalilisha Wakatoliki katika Ayalandi ya Kaskazini.

Wapo waliokataa. Mwaka 1905 mkulima na mshairi wa Donegal, Niall Mac Giolla Bhríde, alishtakiwa kwa kuandika jina lake kwa Kiayalandi kwenye gari lake la kukokotwa na mnyama. Sheria ilidai jina la mwenye gari lisomeke, na kwa wakuu wa siku zile maandishi ya Kiayalandi hayakuhesabika kuwa yanasomeka. Wakili wake alikuwa Patrick Pearse, ambaye miaka 11 baadaye alipigwa risasi kwa kuongoza uasi wa Pasaka. Kesi walishindwa. Hata hivyo, swali walilouliza lingali hai: yasomeke kwa nani?

Sheria ya Lugha Rasmi ya Ayalandi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2021, inazitaka taasisi za umma ziheshimu jina la mtu lililo katika Kiayalandi, pamoja na fada, ile alama ndogo juu ya irabu inayoonyesha kwamba sauti huvutwa. Alama hiyo si pambo. Seán ni jina la mtu. Ukiiondoa, linabaki neno lenye maana ya mzee.

Wapo watakaosema kwamba mtoto mweusi mwenye jina gumu ataongezewa mzigo juu ya mzigo. Hoja hiyo ina uzito, lakini tuulize mzigo ni wa nani. Kiayalandi hufundishwa katika shule za nchi hiyo. Mwalimu atakayemwita Caoimhín anajua kwamba *mh* hapo hutamkwa v. Ugumu unaosemwa ni wa msomaji wa Kiingereza, na sioni kwa nini mtoto azaliwe akiwa na deni kwake.

Hata hivyo, jina lisichaguliwe kwa matumaini kwamba litakuwa ngao. Kura ya maoni ya mwaka 2004 iliondoa haki ya kila anayezaliwa Ayalandi kuwa raia moja kwa moja. Tangu mwaka 2005, hadhi na muda wa ukaazi wa wazazi wasio raia ndivyo huangaliwa. Oisín hawi pasipoti. Anayelichagua jina hilo alichague kwa kuwa yuko tayari mwanawe akue ndani ya lugha hiyo, na alitie pamoja na la babu yake. Mwacha asili ni mtumwa, na mtoto huyu ana asili mbili za kutoacha.

Simlaumu Kevin wa Kisumu. Jina lake limekwisha kuwa letu, na hana haja ya kuliomba radhi. Kosa liko pale Caoimhín anapokataliwa ili Kevin apite. Kosa hilo tunalo hapa pia. Ng'ang'a huandikwa Nganga kwa kuwa kompyuta haikubali kistari cha juu. Alama zilizo juu ya herufi za jina Ngũgĩ mara nyingi huachwa katika hati zetu, nasi tunaiita hali hiyo kuwa ya kiufundi. Makarani wa zamani wa Ayalandi nao hawakujiona kuwa wakoloni. Walijiona wakirahisisha kazi.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wazazi hao ni mfupi: mwiteni Caoimhín, na mlisahihishe kila mara litakapokosewa. Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, ombi langu ni fupi zaidi: mwananchi anapokuja mezani, mwulizeni jina lake linaandikwaje, kisha liandikeni hivyohivyo.