Mbolea ya bei nafuu, safari ya bei ghali
KIVULI CHA MUGUMO, na Kinyua Mwiti

Septemba 13, 2022, siku aliyoapishwa pale Kasarani, Rais William Ruto aliahidi mifuko milioni 1.4 ya mbolea kwa msimu wa vuli, kwa shilingi 3,500 badala ya 6,500. Agosti mwaka uliofuata bei ikashuka tena hadi 2,500. Mwenye haki yake apewe: kwa mkulima, huo si unafuu wa kuchezea.

Ila bei hiyo ni ya mlangoni pa ghala. Shamba liko kwingine.

Mkulima wa chai wa Mungania au Rukuriri, Embu, hapandi matatu kufuata mbolea. KTDA, shirika la wakulima wa chai, huagiza kwa meli, lori hupanda hadi kituo cha kuuzia majani, kila mtu hubeba aliyoagiza na deni hukatwa kwenye malipo yake. Ikifika Oktoba ataitukana KTDA kwa sababu ya bonasi, na mara nyingi ana sababu, lakini kwa habari ya mbolea hana safari. Imenti, Meru, nako ni hivyo hivyo.

Shuka sasa hadi Kiritiri au Siakago, huko Mbeere, kwa watu wa mtama, ndengu na mahindi ya kubahatisha. Huku hakuna kituo wala kiwanda. Mtu huandikishwa na chifu, akataja ekari zake, akangoja ujumbe kwenye simu, akalipa, kisha akaenda mwenyewe kwenye ghala aliloelekezwa. Tuseme nauli yake, ya mfuko na kitu kidogo cha wapakiaji vimefika shilingi 800. Mwenye nusu ekari na mfuko mmoja amelipa 3,300. Jirani mwenye mifuko ishirini hukodi pikapu kwa 4,000, kila mfuko ukaongezeka 200 tu. Serikali ni moja na ruzuku ni moja, ila mdogo ndiye aliyelipa zaidi. Na kwa kuwa idadi ya mifuko hufuata ekari alizozitaja mtu, wapo wanaotaja pia ekari za ndoto.

Tena kuna saa. Mbeere hutegemea mvua ya mwezi wa kumi kuliko ile ya Machi, nayo haikai. Mbolea ya kupandia huingia shimoni pamoja na mbegu. Ikifika mahindi yamekwisha kuota, imekuwa mzigo wa stoo. Kwa hiyo wiki mbili za kwenda ghalani na kuambiwa rudi Jumatatu huku kwetu ni msimu mzima.

Bunge lilipoamka kuhusu mbolea, lilizungumza jambo jingine. Mwaka 2024 iligunduliwa kwamba baadhi ya mifuko ya ruzuku haikuwa mbolea ya kutajika. Mei 2 wabunge 149 walipiga kura ya kumng'oa Waziri wa Kilimo Mithika Linturi, mwana wa Meru aliyekuwa seneta wa huko. Siku chache baadaye kamati ya wabunge 11 ikamwondolea lawama. Julai akaenda na karibu Baraza zima la Mawaziri lilipovunjwa. Kelele ilistahili, maana aliyetia mchanga shimoni hawezi kurudisha msimu. Lakini katika kelele zote hizo sikumsikia mbunge wa kwetu akiuliza mfuko halali humfikiaje mama wa Kiritiri.

Sidai kila sublokesheni ijengewe ghala. Lori linalopanda hadi Mungania linaweza kushuka hadi Siakago siku ya soko, katikati ya Septemba, likasimama kwenye kambi ya chifu na orodha yake. Majina anayo tayari, maana ni yeye aliyeyaandika.